Majani Yanayosubiri Kiangazi

Hapakuwa na uzio. Nilitafuta miiba, waya, ukuta wa minyaa, chochote cha kumwambia ng'ombe kwamba hapa ndipo mwisho, nisione kitu ila kinjia cha miguu. Kushoto kwake ardhi ilikuwa imelambwa ikabaki vumbi. Kulia majani makavu yalifika kiunoni, yamelala upande mmoja kwa upepo, na migunga imesimama katikati yake. Ng'ombe wapatao arobaini walikuwa wakirudi zizini kwa kinjia hicho, na mmoja wao, mwekundu, wa pembe iliyovunjika, akanyoosha shingo upande wa majani. Mtoto aliyekuwa akiwachunga, hata miaka kumi na miwili sidhani kama ametimiza, akapiga mluzi mmoja mfupi. Ng'ombe akarudisha shingo, wakaendelea.

"Ile ni ngitili, malisho ya akiba ya kiangazi," akaniambia mwenyeji wangu. "Bado haijafunguliwa."

Ilikuwa mwisho wa Julai, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, na mvua ya mwisho walikuwa wameiona mwezi wa Mei. Mimi ni mtoto wa Ifakara, bonde la Kilombero. Kwetu mwezi wa Julai maji bado yamo mitaroni, na kijani kimejaa kila upande hata macho yameshakizoea. Kwetu mti ni kitu unachokifyeka ili upate pa kulima. Majani ni kitu unachopambana nacho kwa jembe mwaka mzima. Kumkuta mtu anayelinda majani makavu, tena yasiyo na ukuta, kulinifanya nisimame pale njiani hata vumbi la ng'ombe likatulia.

Lazima niseme wazi nilivyowajua Wasukuma. Walikuja kwetu nikiwa mdogo, kaya moja moja, na makundi ya ng'ombe ambayo hatujapata kuyaona. Mama yangu ni Mndamba, mtu wa mchele na kambale. Ng'ombe kwake alikuwa mnyama wa watu wengine. Wageni wale walitufundisha kulima kwa plau. Lakini swala sheshe walipoanza kuadimika mbugani na kingo za mito zilipomomonyoka, tulijua wa kumlaumu. Mwaka 2012 ilipofanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji bondeni, nilikuwa miongoni mwa walioona ni sawa. Tulikuwa na maneno yetu: kwao wamekwisha kupaharibu, sasa wamekuja kwetu.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kisukuma aliyebaki kwa kuwa alikuwa na shamba lake na ng'ombe wachache, alinisikia siku moja nikisema hivyo. Hakunijibu. Miaka mingi ikapita. Aliposikia kwamba nakwenda Mwanza kikazi, alinifungia kilo ishirini za mchele kwenye kiroba, akanikabidhi na maneno haya: "Pita Kishapu umpelekee kaka yangu. Halafu upaangalie vizuri hapo kwetu palipoharibika."

Kwa hiyo nilifika na mchele begani na aibu moyoni. "Mwadila, mayu," watu walinisalimu njia nzima, na nilikuwa nimefundishwa kuitikia. Usukuma kusalimiana si jambo la kupita. Unaulizwa habari za nyumbani, za njiani, za watoto, kisha za ng'ombe na za mvua, na hizo mbili za mwisho huulizwa kwa sauti ileile ya kuuliza ndugu wa damu.

Nyumba ya kaka huyo, mwenyeji wangu, iko kwenye udongo wa kichanga, wanaouita luseni, chini kidogo ya mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana. Ukiteremka unafika kwenye mbuga ya udongo mweusi, na huko ndiko yaliko majaruba yao ya mpunga. Mke wake aliupokea mchele kwa mikono miwili, akaunusa, akasema huu ni wa Ifakara. Lakini jioni ile hakutupikia wali. Alisonga ugali wa mtama, akatupa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yakiwa yamepikwa kwa karanga, na bakuli la maziwa ya mgando kando. Mimi niliyekua kwa wali wa kila siku nilikula ugali ule mweusi taratibu mno mwanzoni, kisha nikaongezwa mara mbili.

Jikoni ndiko nilikojifunzia zaidi kuliko mahali pengine popote safarini. Mama yule alikuwa akichochea kuni za mgunga, matawi makavu ya unene wa kifundo cha mkono, na moshi ulikuwa mwepesi. Nilimwambia tu kwamba kuni zake ni nzuri. Akacheka, akanionyesha macho yake, yaliyokuwa na wekundu usiokwisha pembeni.

"Nilipoolewa hapa hapakuwa na kuni," alisema. "Tulipikia mabua ya pamba. Yakiisha, tunapikia mavi ya ng'ombe. Unayaokota, unayaanika, unayatia jikoni. Moshi wake ndio huu uliobaki machoni."

Sikuelewa mara moja uzito wa alichosema. Nilifikiria macho yake tu, na kifua, na watoto wanaobebwa mgongoni mama akiwa amejiinamia jikoni. Yeye akaendelea na hesabu yake, maana alikuwa ameshaipiga zamani. Samadi iliyoingia jikoni ni samadi iliyokosekana shambani. Luseni ni udongo mwepesi, hauna akiba. Usipouwekea samadi, mwaka wa tatu mtama unatoka mfupi kama wa kuchezea watoto. Mtama ukiwa haba unaongeza ekari, unafyeka pale palipobaki vichaka. Ukifyeka, kuni zinazidi kwenda mbali na ng'ombe wanazidi kukosa pa kula. Ng'ombe akikosa chakula, mavi yenyewe yanapungua, na maziwa ya mtoto pia. Aliyasema haya yote huku akipangusa mwiko, bila kupandisha sauti. Nimesoma vitabu vyenye kurasa nyingi kuhusu uhusiano wa afya ya watu, mifugo na ardhi, na hakuna kilichonieleza kwa unyoofu kama huo.

Sasa samadi yake inakwenda shambani. Kuni anazipata ndani ya ngitili kwa kukata matawi makavu tu. Mti mbichi haukatwi bila kuomba. Na kwa kuwa kuni ziko karibu, maziwa anayachemsha. Hilo nalo lina habari yake. Zamani maziwa yaliingia kwenye kibuyu yakiwa mabichi, yakagandia humo, na kila mtu aliamini kwamba kuganda kunatosha. Kisha ng'ombe wawili wakatupa mimba mwaka mmoja, na mwaka huohuo mwanawe wa pili akashikwa na homa iliyokuwa ikipanda jioni na kushuka asubuhi, na maumivu ya viungo kama ya mzee. Walimtibu malaria mara tatu. Bwana mifugo, aliyekuja kwa ajili ya ng'ombe, ndiye aliyeuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye homa isiyoisha, akawaambia wampime brusela. Vimelea vinavyomfanya ng'ombe atupe mimba hupita ndani ya maziwa mabichi, na kuganda hakuviui kwa hakika. Moto ndio unaoviua.

Ifakara ni mji wenye jina katika utafiti wa malaria. Tumekulia humo tukijua mbu kwa majina yao. Labda ndiyo maana kila homa kwetu ni malaria mpaka ikatae dawa. Sijapata kusikia kwetu mganga wa watu akimuuliza mgonjwa habari za ng'ombe wake, ingawa ng'ombe sasa wamejaa bondeni.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kumsalimu baba mdogo wa mwenyeji wangu, ambaye kila mtu humwita Guku, yaani babu. Amepita miaka themanini na mitano. Tulimkuta chini ya mkwaju, anasuka kamba. Nilimuuliza kuhusu miti, akaanza na ng'ombe.

Alianza mbali, na ndugu zake walimwacha aende huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita nchi hizi zetu na kuangusha ng'ombe kwa makundi. Pasipo ng'ombe wa kula chipukizi, na watu waliobaki wakiwa dhaifu kwa njaa, vichaka vilirudi vikameza mashamba. Na vichaka vilipoingia, waliingia wanyamapori, na nyuma ya wanyamapori ndorobo, yule ambaye pwani wanamwita mbung'o. Ndorobo huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa mtu. Ugonjwa wa mnyama mmoja uliibadilisha nchi, na nchi iliyobadilika ikaleta ugonjwa wa binadamu. Guku hakuyasema kwa maneno hayo. Yeye alisema: "Ng'ombe alikufa, pori likazaliwa, pori likatuua."

Waingereza waliona dawa ni shoka. Old Shinyanga pakawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, na aina moja ya ndorobo hadi leo wanasayansi wanaiita kwa jina lake. Kuanzia miaka ya 1920 watu waliitwa kwa maelfu kufyeka mapori. Baba yake Guku alikuwa mmoja wao.

"Serikali ilituambia mti ndio ugonjwa," alisema. "Na haikusema uongo, ng'wanone. Tulikata, ndorobo akaondoka. Watu wakaacha kulala njiani. Ng'ombe wakazaana."

Alinyamaza akavuta uzi wa kamba yake. Nilipenda kwamba hakuwacheka waliokata. Angekuwa na haki ya kuwalaani, baada ya kuyaona yaliyofuata, lakini alikumbuka malale.

Yaliyofuata aliyataja harakaharaka, kama mtu anayehesabu misiba. Pamba ikaenea pale palipofyekwa. Ng'ombe wakaongezeka, majani yakapungua. Miaka ya 1950 wakoloni wakalazimisha watu kupunguza mifugo na kulima kwa amri, watu wakachukia kila kilichoitwa hifadhi. Kisha miaka ya 1970 zikaja operesheni za vijiji. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zikakusanywa pamoja, na ngitili ambazo kila ukoo ulikuwa ukizitunza tangu zamani zikabaki nyuma hazina mwenyewe. Mkoa ukapata jina la jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana kubaki hazikuzidi sana hekta 600 kwa mkoa mzima. Huo ndio wakati mama wa jikoni alikuwa anaanika mavi ya ng'ombe. Na ndio wakati ambao vijana wengi walitia ng'ombe njiani kuelekea kusini, Usangu, Rukwa, hadi kwetu Kilombero. Dada yake mwenyeji wangu aliondoka hapa akiwa na mumewe na ng'ombe ishirini na wanne, akifuata majani.

Nilikaa pale chini ya mkwaju nikiwa sina la kusema. Tulikuwa tumemlaumu mtu kwa kukimbia ugonjwa wa ardhi, tukamwita yeye ndiye ugonjwa.

Mwaka huohuo wa 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Mwanzoni ulileta vitalu na miche ya kupanda, mingine ya kigeni. Miche ilimwagiliwa, ikatafunwa na mbuzi, mingi ikafa. Walioendesha mradi wakawa na busara ya kuwauliza wazee, na wazee wakawaambia habari za ngitili: huhitaji kupanda chochote, visiki viko hai chini ya udongo, vinachoomba ni kupumzishwa. Naliheshimu sana jambo hili, mtaalamu kuacha kalamu na kusikiliza. Sheria hazikutoka Dodoma wala Dar es Salaam. Zilipangwa kwenye dagashida, baraza la kijiji, na waliozisimamia ni sungusungu, walewale walioinuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Ukiingiza mifugo kwenye ngitili iliyofungwa, unalipa faini, na majirani watakujua. Kumbe ule mluzi mfupi wa mtoto ulikuwa na baraza zima nyuma yake.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu humo aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Guku hana habari na hesabu hiyo. Alinitajia dawa ya tumbo iliyokuwa haipatikani ikarudi, uyoga wa masika, asali, na nyasi za kuezekea.

"Na ndorobo?" nilimuuliza. "Miti imerudi, yeye hatarudi?"

Mwenyeji wangu ndiye aliyejibu. Ngitili ni vipande, alisema, katikati ya watu. Hakuna nyati wala nguruwe pori wa kumlisha ndorobo, na kila kiangazi ng'ombe wanaingia wanafagia chini. Pori lililokatwa lote liliwaua kwa njaa, na pori lililoachwa lote liliwaua kwa malale. Walichonacho sasa ni pori linalofungwa na kufunguliwa. Fisi ndiye aliyerudi, na amekwisha kula mbuzi wake watatu. Alilisema hilo kwa uchungu kabisa. Mbuzi ni ada ya shule.

Siku mbili baadaye nilipelekwa Meatu, ambako tangu mwaka 1994 kuna wakulima wa pamba wanaolima bila sumu za dukani. Uvunaji ulikuwa unamalizika. Katikati ya mistari ya pamba niliona mabua ya alizeti yaliyokauka, vichwa vimeinama. Nondo wa funza wa vitumba hupenda kutaga kwenye alizeti, mkulima mmoja alinieleza, hivyo funza wengi huishia huko, na wadudu wanaokula funza huja hapo kwanza. Samadi yake anaitoa zizini. Nilimuuliza faida kubwa aliyoiona, nikitegemea ataniambia bei. Akasema zamani, siku za kupulizia, alikuwa halali usiku kwa kichwa, na mkewe alikuwa akifua nguo zile kwa mikono akiwa mjamzito.

Niliwaza mitaro ya kwetu. Mama yangu alinifundisha kukamata kambale kwa tenga katika maji yanayotoka majaruba ya mpunga. Siku hizi chupa za dawa ya magugu zinaelea humohumo, na watoto bado wanavua. Nimepita hapo mara nyingi bila kusimama. Nasema bila kuficha kwamba nilihitaji kwenda kwenye nchi kame ili niyaone maji ya kwetu.

Si kwamba Kishapu mambo yote yamekaa sawa. Jirani wa mwenyeji wangu alikufa, wanawe watano wakagawana ngitili yake. Wawili wameshailima dengu, mmoja amechoma mkaa. Kipande kilichobaki hakitoshi ng'ombe kumi. Vijana wana haki ya kutaka shamba, na dengu zina bei. Mwenyeji wangu amewaambia wanawe kwamba yake haigawanywi, lakini alipokuwa akisema hivyo nilimwona mkubwa wao akitazama chini.

Nilikuwapo walipoifungua ngitili yake. Hapakuwa na sherehe. Walikuwa wameigawa sehemu tatu kwa macho, kichuguu hapa, mbuyu pale, na siku hiyo ilifunguliwa sehemu moja tu. Ndama waliingia kwanza. Wakafuata ng'ombe wanaonyonyesha, na yule mwekundu wa pembe iliyovunjika, ambaye ni mzee. Kisha maksai wanne wa plau. Kundi kubwa liliendelea na vumbi lake upande wa kushoto. Nilidhani maksai wamependelewa kwa kuwa ni wa thamani. Mwenyeji wangu akanieleza: mvua ya kwanza ikinyesha Novemba, maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau. Ukichelewa wiki mbili, mtama unachelewa, na mvua za huku hazimsubiri mtu. Kwa hiyo njaa ya watoto wa mwakani inazuiwa sasa, Agosti, mdomoni mwa maksai.

Wale wanyama hawakukimbilia majani. Waliingia polepole, vichwa chini, na kwa muda mrefu sikusikia kitu ila sauti ya kung'ata na kutafuna, na njiwa juu ya migunga. Mtoto wa mluzi alikaa kwenye kichuguu, fimbo mapajani, akiwatazama wakila.

Nilirudi Ifakara na mfuko wa michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vilivyotumwa kwa dada. Nilikwenda kwa jirani yetu jioni hiyohiyo, kabla sijafungua mzigo wangu mwingine. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, nikayasema, naye akayapokea kwa kichwa tu, mkono tayari ndani ya mfuko. Akatafuna kipande cha matobolwa, macho yamefumba. Nilingoja aniulize habari za kaka yake, za wifi, za Guku.

"Ngitili wamefungua lini?" akauliza.

Nikamtajia siku. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, taratibu, kutoka Agosti hadi Novemba, akarudia tena, kisha akauliza kama niliwaona maksai, na wana hali gani mgongoni.